Mshauri wa Juu ya Duka la Dawa za Ng'ombe

Sikumpenda. Naomba mtu asije akasoma haya kisha aniambie eti ndani ya moyo nilimpenda. Nilimdharau siku ya kwanza, nikamdharau mwaka mzima uliofuata, na hata leo nikikumbuka zile soksi zake za kiume ndani ya sandali, midomo inanipinda yenyewe. Lakini nimemjua miaka sita, na siku hizi watu hunivuta pembeni baada ya ibada wakaniuliza kwa sauti ya chini: mwalimu, huko kwa mshauri nasaha mtu hufanywa nini? Hulazwa? Hudungwa sindano? Basi nitasema niliyoyaona kwa huyu mmoja. Wengine waulizwe wenyewe.

Nilikwenda kwa kulazimika. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, darasa la sita, katika shule moja si mbali na Kanduyi. Mchana mmoja wa mvua, nikiwa nafundisha, radi ilipiga darasa langu. Watoto saba walianguka. Sita waliinuka. Mmoja, msichana aliyeitwa Naliaka, hakuinuka. Tangu hapo, kila wingu jeusi liliposhuka kutoka Mlima Elgon, na msimu wa mvua hushuka karibu kila siku saa nane, mikono yangu ilikufa ganzi, masikio yakaziba, na nilipojitambua nilikuwa nimejikunyata nyuma ya ofisi, watoto arobaini nimewaacha peke yao na chaki ingali mkononi. Mwaka mmoja baada ya ile radi jambo hilo lilitokea mara tatu katika muhula mmoja. Mwalimu mkuu akaniita.

"Madam, mficha maradhi kifo humuumbua," akasema, maana alijua mimi na methali hatuachani. "Nakupatia mpaka mwisho wa muhula ujao. Ukikimbia tena uache watoto wa wenyewe, naandika barua. Si nitafanya nini sasa, bana?"

Nilikuwa nimefundisha miaka ishirini na mbili. Kulima sijui, kuuza sijui, kushona ndiyo kabisa. Nikitolewa darasani nabaki kuwa nani? Kwa hivyo nilienda kwa mshauri nasaha.

Nilichagua Kitale kwa sababu huku kwetu ukikohoa Kanduyi, watu wa Mabanga wanakuuliza umekunywa dawa gani. Nyumbani na kanisani nilisema naenda kumwangalia shangazi yangu mgonjwa. Maskini shangazi yule, aliugua kuliko wagonjwa wote wa Kitale, na hata hakuwahi kuzaliwa.

Ofisi ya mshauri ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo. Unapanda ngazi ukinusa dawa ya kupe, unafika juu ukiwa tayari kuogeshwa kama ng'ombe. Chumbani mlikuwa na viti vitatu vya plastiki, meza moja, na juu ya meza karatasi ya choo. Nikajiambia, mwalimu mzima umetoka Bungoma kuja kulilia kwenye karatasi ya choo. Yeye mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mnene, sweta imechoka viwiko, na zile soksi.

"Kaa kwa kiti yenye unataka," akasema.

Haki nilitaka kurudi saa ile ile. Nimesahihisha insha maisha yangu yote, halafu nije nimwage moyo wangu mbele ya mtu asiyejua kiti kiko ngeli gani! Nikamwambia, "Kiti ninachotaka." Akatabasamu. "Eh, hicho," akasema, akajikalia. Wiki iliyofuata ilikuwa tena kiti yenye unataka, na ile iliyofuata vilevile. Miaka sita hakujifunza, na sidhani alijaribu.

Siku ya kwanza haina maajabu, na hilo nalo liliniudhi. Alinijazisha fomu. Unalala saa ngapi? Unakula? Moyo unakwenda mbio mara ngapi kwa wiki? Nani apigiwe simu ukizidiwa? Kisha, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama kuna chumvi, akaniuliza, "Kuna siku umefikiria kujiua?" Nikasema hapana. Akanitazama tu. Nikasema, "Mara moja. Mbili." Hakushtuka wala hakunihubiria, aliandika. Akanieleza kwamba maneno yangu yangebaki mle chumbani, isipokuwa kama ningekuwa karibu kujidhuru au kumdhuru mtu. Hapo angetafuta msaada, na angeniambia kwanza.

"Hata mwalimu mkuu hatajua?"

"Atajua ulikuja, kama wewe unataka ajue. Hiyo ingine, hapana."

Sikumwamini. Nani aliwahi kukaa na habari ya mtu asiionjeshe jirani?

Halafu akasema nianzie popote. Sasa, hapa sharti nieleze kitu. Kanisani kwetu mtu mwenye shida amefundishwa njia moja tu ya kuisema: unasimama, unasema Bwana asifiwe, unaeleza shimo lilivyokuwa refu, unaeleza mkono uliokutoa, unakaa. Shida isiyo na ushindi mwishoni haisemwi mbele ya watu. Unaambiwa ukaiombee kwanza. Na ushuhuda wangu wa radi ulikuwa maarufu. Nilialikwa kuutoa huku na huku, mpaka Cheptais. Basi mshauri aliposema nianze, nilisimama. Ndiyo, nilisimama, nikashika mkoba wangu vizuri, nikasema, "Bwana asifiwe."

Hakuitikia! Nikaendelea hivyo hivyo. Wingu, upepo, mvua inaingia dirishani inalowesha vitabu, ngurumo, madirisha yote yamefungwa, mwanga mweupe, watoto saba sakafuni, mimi nimetupwa ukutani, Bwana akaniinua. Nikakaa nikingoja machozi yake. Cheptais wanawake wawili walilia mpaka wakatolewa nje.

"Umeisema vizuri sana," akasema. "Umeisema mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Na ukiisema, mwili yako inakuwa aje?"

"Mwili wangu hauna neno. Nasimulia tu."

"Haya," akasema, akatia njugu mdomoni.

Njugu zile! Zilikaa ndani ya mfuko wa sweta, na kila nilipofika mahali pazito mkono wake ulishuka taratibu kuzitafuta. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa changu ili aione yeye, mimi nisiione. Alichelewa kila mara. Simu yake iliwahi kulia wimbo wa kwaya katikati ya maneno yangu, akaizima, akasema, "Pole, hiyo ni makosa yangu," na mimi nikamnunia nusu saa nzima. Aliningoja nimalize kununa. Nami nilikuwa nadhani kununa ni silaha.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba aliitwa mshauri na hashauri. Nilitaka aniambie fanya hivi, acha vile, kunywa hiki. Wapi!

"Wewe unaonaje?" ataniuliza.

"Ningekuwa naona ningekuja Kitale?"

"Hapo umesema," anacheka, tumbo likitikisika, kisha ananyamaza tena. Kunyamaza ndiko alikokuwa nako kwa wingi. Mwanzoni nilidhani amesahau swali lake.

Alichonifundisha, na ndicho watu hudhani ni uganga, ni mambo ya mtoto wa chekechea. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Taja vitu vitano unavyoviona. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Nilimwambia nimekuwa nikipumua tangu kuzaliwa bila mwalimu. Akasema, "Mwili yako haijui imeisha. Kila mvua, inafikiri ni ile. Tunaiambia pole pole." Na mwenye kunifundisha kupumua alikuwa hawezi kupanda ngazi zake mwenyewe bila kusimama mara mbili na kuhema kama jembe limemshinda.

Ngoja niseme na la mbwa. Alikuwa akiniambia kila wiki kwamba kitu unachokikimbia kinakua, tukisogelee kidogo kidogo. Siku moja nafika, namkuta amesimama barabarani ameukumbatia mkoba, ofisi imefunguliwa, haingii. Kumbe kuna mbwa wa jirani, mzee, hana hata meno, amelala ngazi ya tatu.

"Mwalimu, mimi hiyo kitu siwezi," akasema.

Nilimfukuza mbwa kwa mwavuli. Juu, nilipokaa, nikamuuliza kwa furaha mbaya mbona hakumsogelea kidogo kidogo. "Nimesogelea," akasema. "Zamani nilikuwa nakimbia mpaka steji ya matatu." Nilitaka kumcheka lakini alikuwa anatetemeka kweli, akakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili mbele yangu bila haya, na ilibidi ninyamaze nimngoje. Sijui kwa nini niliporudi nyumbani sikumsimulia mtu yeyote kisa hicho, na kilikuwa kitamu kweli.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi, au wakiambiwa hawasikii: unaumia zaidi kabla ya kupoa. Wiki ya nne nilikuwa silali kabisa. Nilimfokea mume wangu kwa sababu ya kijiko. Nilipanda zile ngazi nikiwa nimefura.

"Umeniharibu," nikamwambia. "Nilikuja na shida ya mvua, sasa nina shida hata jua likiwaka."

"Nilikwambia siku ya kwanza itakuwa hivyo."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulikuwa unasahihisha Kiswahili yangu." Kisha akasogeza ile karatasi ya choo upande wangu. "Tunafungua kidogo, na tunafunga kabla uende nyumbani. Wiki jana nilifungua sana. Hiyo ni mimi."

Ala! Mtu anakubali kosa hivyo hivyo, bila hata kutafuta wa kumsingizia? Hata dharau yangu ilikosa pa kushika.

Ikaja siku ya dirisha. Nje Kitale ilinyesha, na mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili nikitaja vitu vitano: meza, kalenda, soksi, soksi, njugu. Ngurumo ilipopita akaniambia, polepole, "Mwalimu, kuna kitu kwa ushuhuda yako inanisumbua. Mvua inaanza, dirisha iko wazi, vitabu vinalowa. Radi ikipiga, unasema dirisha zote zilikuwa zimefungwa. Nani alifunga?"

Kanisa zima lilisikia ushuhuda ule, wachungaji wakiwamo, na hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Nilichukua mkoba nikatoka bila kuaga. Wiki mbili sikwenda. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika, mimi ninayekataza watoto matusi.

Wiki ya tatu nilirudi, kwa sababu muhula niliopewa na mwalimu mkuu ulikuwa karibu kuanza, na barua yake ilikuwa inaningoja mwishoni. Nikakaa kwenye kiti chochote. Nikasema, "Nilimtuma mimi. Nilisema, Naliaka, simama ufunge dirisha. Alikuwa ameketi katikati, hakuwa hata karibu. Nilimtuma yeye kwa sababu ni mtiifu, wengine wangebishana. Dirisha ni la chuma. Alikuwa ameshika komeo."

Sikuwahi kuyasema maneno hayo, hata kwa Mungu sikuwa nimeyasema hivyo. Watu walisema Naliaka alikuwa na sweta nyekundu na nyekundu huita radi. Wengine wakasema radi ilitumwa. Nami niliwaacha waseme. Niliwaacha kabisa, tena nikatikisa kichwa pamoja nao.

Nilingoja aniambie si kosa langu, ili nimdharau vizuri. Hakusema. Njugu hazikuguswa.

"Saa hiyo ulikuwa unajua nini?" akauliza.

"Nilijua vitabu vinalowa."

"Kingine?"

"Hakuna kingine."

"Haya," akasema. Baada ya muda nikaona anajifuta macho kwa ile karatasi ya choo, na mimi ndiye niliyekuwa mkavu. Nikamchukia kwa hilo pia. Kifo kilikuwa changu, naye ndiye anakililia.

Tukaanza kazi yenyewe, na ni kazi, msidanganywe. Mvua ikianza, nisimame mlangoni mwa darasa kwa muda wa kusoma aya moja ya ufahamu kwa sauti. Halafu mbili. Halafu nisogee hatua moja ndani. Ilichukua muhula mzima mpaka nikaweza kusimama karibu na lile dirisha, na siku hiyo nilisoma ufahamu hadi mwisho, jasho likinitiririka hadi kwenye viatu, na watoto hawakujua kitu isipokuwa kwamba madam amesoma kwa sauti kubwa mno. Mwalimu mkuu hakuandika barua. Alinipa mkono akasema, "Maombi yanafanya kazi." Nikamwambia amina.

Kazi ikapona. Lakini mimi bado nilikuwa na kitu kimoja, na ndicho kilichonifanya niendelee kwenda Kitale, mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa muhula, miaka yote hii. Mama Naliaka huuza mboga kando ya barabara pale Kanduyi: sukuma, kunde, mrenda. Ndiyo njia yangu ya kwenda nyumbani. Sikuipita. Nilizunguka nyuma ya kinu cha posho, kwenye matope, mwaka hadi mwaka, kwa sababu akiniona aliniita "mwalimu wa mtoto wangu" na kunionyesha kwa wateja. Nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo yuko Kitale. Mama Naliaka, mwenye haki ya kujua, nilimwacha na habari ya sweta nyekundu.

"Nimwambie?" nilimuuliza mshauri, sijui mara ngapi.

"Ukimwambia, unataka aseme nini?"

"Sijui."

"Basi ngoja mpaka ujue, ama mpaka usijali atasema nini."

Mwoga, nikafikiri. Mtu mzima na sweta yake, hawezi hata kusema ndiyo au la. Nilimwambia hivyo waziwazi, na akasema, "Naweza kuwa mwoga. Uliona mbwa."

Mwaka jana alifunga ofisi, miguu ilimkataa. Hakufanya sherehe. Alinipa jina la mshauri mwingine, kijana, nikaenda mara moja nikaona anajua ngeli zote, na sikurudi.

Kisha mwezi uliopita, Ijumaa, watoto wameshatoka, niko ng'ambo ya barabara pale Kanduyi nikijiandaa kukata kona ya kinu cha posho. Nikamwona. Sweta ile ile, soksi zile zile, ameinama juu ya mboga za Mama Naliaka, wanaongea, wanacheka. Gari lilikuwa linamngoja kando. Baadaye nilisikia walikuwa wametoka kwa mazishi Mabanga. Lakini wakati ule sikufikiri gari wala mazishi. Nilifikiri: anamwambia. Kumbe miaka yote nilikuwa sahihi, hana siri, huyoo anamwambia!

Nikavuka barabara mbio, pikipiki ikanipigia honi, dereva akanitukana. Nikafika nikihema.

"Mwalimu!" akasema Mama Naliaka. "Leo umepitia huku?"

Mshauri aliinua macho akanitazama vile mtu anavyomtazama mpita njia yeyote, akarudi kuchagua mrenda. "Hii imekauka," akamwambia Mama Naliaka. "Nipatie yenye iko chini." Hakunisalimu. Hakuwa amesema kitu. Hakuwa hata anajua muuzaji yule ni nani.

"Mnajuana?" Mama Naliaka akauliza, maana nilikuwa nimesimama katikati yao kama hakimu.

Yule mama wa Kitale hakujibu. Alikuwa ameniachia swali zima. Ningeweza kusema hapana, na angelipa mboga zake akaenda zake, na hata kope isingemtikisika. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu, na nilimkasirikia sana kwa kuwa hangenisaidia.

"Ni mshauri wangu," nikasema. "Nilikuwa namwendea Kitale kwa sababu ya Naliaka." Nikamgeukia mwenye mboga. "Mama Naliaka, mimi ndiye nilimtuma afunge dirisha. Haikuwa sweta. Nilimtuma mimi."

Alikuwa anafunga fungu la mrenda. Akamaliza kulifunga, akampa mshauri, akapokea pesa, akarudisha chenji. Mshauri akachukua mboga zake, akatembea kwa ile miguu yake mibovu mpaka kwenye gari, wakaondoka. Hakugeuka hata mara moja.

"Najua," Mama Naliaka akasema.

"Unajua?"

"Watoto waliniambia jioni ile ile. Watoto arobaini, mwalimu. Ulifikiri watanyamaza?" Hakuwa amepandisha sauti. "Huko kanisani nilikuwa nakaa viti vya nyuma nakusikiliza. Nangoja ufike kwa dirisha. Unaruka. Kila Jumapili unaruka, watu wanapiga makofi."

Nikakalia kreti iliyokuwa hapo. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniuliza.

"Ningekuuliza ungekataa. Halafu ningebaki na nini?" Akasogeza kunde pembeni, akaketi karibu nami, goti kwa goti. "Hiyo ya kumtuma sina haja nayo. Mtoto hutumwa. Mimi nilimtuma kwa mto mara ngapi? Kuna kitu kingine nataka, na hao watoto hawakusikia, mvua ilikuwa inapiga mabati. Ulipomtuma, alisema nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, wala mle chumbani Kitale. Sikujua kwamba nilikuwa na jibu lake.

"Alisema, 'Sawa, madam,'" nikasema. "Akaweka kalamu ndani ya kitabu ili asipoteze ukurasa. Akasimama, akaenda."

Mama Naliaka alifumba macho. Mteja mmoja akaja akauliza kunde ni pesa ngapi, hakuna aliyemjibu, akaenda.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.